Msumari wa Mtoni

Ukimwona Fundi Waya akitembea msituni, ungesema miguu yake kaiazima kwa paka na bado hajairudisha. Majani makavu yanayopiga kelele chini ya kila mtu, yeye yalimnyamazia. Enzi zake za kutega aliweza kuinama kwenye alama ya kwato, akanusa, akakwambia mnyama amepita saa ngapi, amekula nini, na kama nyumbani ameaga vizuri au ametoka na hasira zake. Siku moja alitega kitanzi akasahau kofia yake pale pale. Aliporudi alikuta nguruwe mwitu amenaswa mguu, na kofia ameivaa. Anayetaka kubisha abishe. Kofia ilibaki na matundu mawili ya meno, na mwenyewe aliivaa hivyo hivyo hadi ikachakaa.

Kutega aliacha bila kushikwa na mtu. Alikwenda msituni siku tatu, akarudi mkono mtupu. Siku tatu hakusikia sokwe hata mmoja, hakuona hata kinyesi cha paa. Alirudi amenyong'onyea kama mtu aliyekwenda kusalimia ndugu akakuta milango yote imefungwa. Wiki ile ile wanakijiji walikuwa wanaunda kikundi cha kulinda msitu, wao wenyewe, bila kungoja kusukumwa. Fundi Waya akaingia kikaoni na furushi la nyaya begani, akalibwaga miguuni mwa mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa mama mmoja fundi cherehani, aliyeitwa Sindano, na si kwa sababu ya kazi yake. Akalitazama furushi, akamtazama mwenye furushi. "Hizi ndizo zote, au nyingine umeziacha zikulindie nyumba?"

"Ndizo zote, Mama."

"Basi sikilizeni. Atakayerudia waya, atatoka yeye na nyumba yake nzima. Hakuna kuokota kuni, hakuna mizinga, hakuna uyoga. Wanaokubali wanyooshe mkono."

Wa kwanza kunyoosha alikuwa Fundi Waya, tena mikono yote miwili, kama mtu anayeporwa.

Tangu siku hiyo mambo yakamnyookea. Mkewe, Mama Pacha, ambaye wenzake walikuwa wakimpisha njiani kama vile amebeba ugonjwa, alichukuliwa kuwa mpishi wa shule. Zamani hakuna mzazi aliyetaka mke wa mtegaji amchotee mtoto wake chakula. Walisema nyama ya kwake hata haijulikani ina mkia wa urefu gani. Sasa alisimama mbele ya sufuria linalotosha kuogea mtu mzima, mwiko mkononi kama kasia, na watoto mia mbili wakimwamkia shikamoo. Akarefuka shingo. Hata kukohoa alikohoa kwa mpangilio.

Kosa walilofanya pale kijijini lilikuwa dogo, la ukubwa wa msumari.

Wageni waliokuja kuwatia moyo walitaka kuona kazi. Nao wakawaonyesha nini? Sokwe aliye salama haonekani, yuko zake juu anakula matunda na kukutupia maganda. Kwenye msitu uliotulia mgeni anaona miti tu. Lakini waya unaonekana, unashikika, unapigwa picha. Basi Sindano akagongomea ubao ukutani nyuma ya cherehani yake, akapigilia misumari minne, mmoja kwa kila eneo la doria: Mlimani, Bondeni, Mpakani na Mtoni. Kila Ijumaa alasiri walinzi wawili wawili walitundika nyaya walizozitoa msituni wiki hiyo. Msumari uliojaa ulipigiwa makofi. Ulio mtupu ulitazamwa tu, na kutazamwa kule kulikuwa kubaya kuliko matusi.

Mtoni ilikuwa ya Fundi Waya na shemeji yake, kaka wa Mama Pacha, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpata amezimwa. Mwanzoni msumari wao ulipinda kwa uzito. Fundi alijua mtegaji anawaza nini kabla mtegaji mwenyewe hajawaza. Aliingiza mkono kwenye kichaka akachomoa waya kama mtu anayetoa funguo mfukoni mwake. Msimu mmoja tu, eneo la Mtoni likawa safi. Paa wakaanza kunywa maji mchana. Sokwe wakarudi, kundi zima, wakajenga matandiko yao juu ya miti mikubwa ng'ambo ya mto, na alfajiri ukisimama kwenye uwanja wa shule unawasikia wakigombana.

Na msumari wa Mtoni ukawa mtupu.

"Fundi," Sindano akasema Ijumaa ya kwanza, mguu ukiwa bado kwenye kanyagio la cherehani, "Mtoni kuna nini?"

"Mtoni kuko safi, Mama."

"Kuko safi, au unakusafisha kwa jicho moja?"

Watu wakacheka. Chumba kile kilikuwa chembamba, kina harufu ya mafuta ya mashine na pasi ya mkaa. Wakicheka watu kumi, kicheko kinakosa pa kutokea, kinazunguka na kukurudia mwenyewe. Fundi akatazama vipande vya kitambaa sakafuni.

"Mwacheni jamani," akasema Spoki, fundi baiskeli, kiongozi wa doria ya Mlimani, ambaye msumari wake haukuwahi kukosa nyaya sita. "Nyaya zinamheshimu. Zikimwona zinasimama, zinasema shikamoo baba, zinajiondokea."

Redio akasimama kumtetea, na hapo ndipo alipomzamisha. "Shemeji yangu hategi! Siku hizi hategi kabisa!"

"Siku hizi," akarudia Sindano, polepole, kama anayepima kitambaa.

Ijumaa ya pili, mtupu. Ijumaa ya tatu, mtupu. Misumari mingine mitatu ilizidi kuning'iniza minofu ya chuma, na mgeni mmoja akauliza kwa upole kabisa kama yule bwana wa Mtoni anaumwa. Angekuwa mtu mwingine, msumari mtupu ungesema amefanya kazi akamaliza. Kwa Fundi Waya ulisema jambo moja tu, na kila mtu alikuwa amekwisha kulisikia.

Nyumbani Mama Pacha alikuwa anavua aproni, hatazami mtu.

"Baba Pacha, nikuulize."

"Uliza."

"Jikoni wanasema. Wanasema watoto wa nani sijui wameona mifupa nyuma ya choo chetu."

"Mifupa ya kuku yule uliyemchinja mwenyewe!"

"Najua. Nimewaambia. Lakini nikuulize tu, na ukinijibu sitarudia." Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Hutegi?"

Fundi akahisi kola ya shati imebana. Akapapasa kutafuta kifungo. Bado ikabana. Alikuwa amevaa fulana, kola ilikuwa ya mawazo tu.

"Hata wewe?" akasema.

"Mimi nakuamini," akasema Mama Pacha, upesi mno, kama anayefunika chungu kabla mtu hajachungulia.

Asubuhi yake Fundi Waya aliingia chooni, akapapasa juu ya boriti, akatoa waya wa breki ya baiskeli uliokuwa umefungia mlango kabla hawajanunua bawaba. Alimdanganya Redio kuwa anakwenda kutazama mizinga. Akautega juu ya mwamba mkavu, kati ya magogo mawili, mahali ambapo hata sisimizi akipita anajiuliza amepotea wapi. Alhamisi wakiwa doria akajikwaa kwa makusudi. "Loo! Shemeji, njoo uone!"

Ijumaa msumari ukapata waya mmoja. Sindano akasema, "Sawasawa." Spoki akapiga makofi. Jikoni shuleni Mama Pacha akaimba. Fundi akasema moyoni, mara moja tu, yamekwisha.

Lakini msumari hauna shukrani. Ijumaa inayofuata unauliza tena. Akatega vitanzi viwili, akavikuta viwili. Vitatu, vitatu. Na Redio, ambaye watu walidhani ndani ya kichwa chake mna sauti tupu, akaanza kutazama.

"Shemeji, huyu mtegaji ni zuzu gani? Anatega juu ya jiwe. Anawinda mjusi?"

Ikabidi atege chini, kwenye udongo.

"Shemeji, waya unang'aa huu. Ameutega leo asubuhi nini, akatupikia na chai?"

Ikabidi auache siku nne, tano, ushike kutu.

"Shemeji, tazama, kijiti hakijapindwa. Mtego gani umelala hivi? Nikisema haya Ijumaa si watatucheka?"

Na Redio angesema. Redio hajawahi kuwa na jambo asiliseme. Basi ikabidi Fundi Waya apinde mti mchanga, aufunge, akaze, afunike kitanzi kwa majani, kwenye njia ya kweli, kwa ustadi wake wote ule aliouapia kuuacha. Mikono haikuwa imesahau chochote, na hilo lilimtisha kuliko yote. Kila siku mapema alipita peke yake kuvikagua, akikuta kitanzi kitupu anashukuru kama aliyeachiwa na askari. Hakuna njia ya kuacha aliyoiona. Akiacha, msumari mtupu. Akisema, nyumba nzima nje. Akiendelea, ni yale yale ya enzi zake za kutega.

Kisha mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, mvua ile ambayo hata bata walitafuta paa la kujikinga. Mto ukafura. Vitanzi vilikuwa ng'ambo.

Fundi Waya alishinda ndani. Chumba kilikuwa na hatua sita kutoka kitandani hadi mlangoni, akazipiga hadi sakafu ikamjua. Bati juu linapiga kelele, dirisha dogo linaonyesha maji tu. Alisimama, akakaa, akavaa viatu, akavua.

"Umekaa kama kuku anayetafuta pa kutagia," akasema Mama Pacha. "Una nini?"

"Mto."

"Mto umekukosea nini?"

Akavaa viatu tena, akatoka. Mara ya kwanza alienda hadi ukingoni, maji yakampiga kifuani, akarudi akitetemeka. Mara ya pili Redio alimkamata shati. "Shemeji, doria gani ya kufia? Nyaya zitatungoja!"

Maneno yale yalimchoma, Redio asijue.

Siku ya tatu, jua limechomoza, walivuka wameshikana mikono. Redio akabaki kukamua suruali. Fundi akatangulia, na kabla hajafika akasikia. Hakuwa paa. Ilikuwa sauti inayofanana mno na ya mtoto wa mtu.

Alikuwa sokwe mdogo, umri wa kuachishwa kunyonya. Kitanzi kimemshika kifundo cha mkono, mti mchanga umenyooka na kumvuta mkono juu, naye amesimama kwa vidole kama mwanafunzi anayeomba kujibu swali. Mkono umevimba mweusi. Kando yake mama yake alikuwa amevunja kila tawi la karibu, akiung'ata waya, akiuacha, akiung'ata. Midomo yake ilikuwa na damu. Alipomwona Fundi hakukimbia. Alisimama mbele ya mwanawe, nywele zote wima, akawa mkubwa kama mlango.

Peke yake asingeweza. Yule mama angemrarua vipande vipande, tena kwa haki. Lakini kuondoka angeweza. Miguu ya paka ilikuwepo. Angerudi kwa Redio akasema huku hakuna kitu. Waya ungekatika baada ya siku tatu nne, au mkono. Alishawaona wa namna hiyo zamani, sokwe wakubwa wenye viganja vya kukunjamana, wakipanda miti kwa mkono mmoja, na hakuwahi kuuliza ni waya wa nani.

Akatoa filimbi, akapuliza mara tatu. Mara tatu ilikuwa na maana moja: mnyama kanaswa, leteni watu na plaizi.

Walikuja kutoka kila upande. Sindano na mkanda wake wa kupimia bado shingoni. Spoki na plaizi kubwa ya kukatia waya wa breki. Doria ya Bondeni na ya Mpakani wakiwa na fito ndefu. Na Mama Pacha, aliyesikia filimbi akiwa jikoni shuleni, akaja amebeba mfuniko wa sufuria kubwa na mwiko. Ndivyo vitu alivyokuwa navyo mkononi, alisema baadaye, na akili haikupata nafasi ya kubadilisha.

Mfuniko ndio uliowaokoa. Mama sokwe aliwavamia mara mbili, na mara mbili Mama Pacha aliupiga kwa mwiko, mlio ukaenda mpaka mlima ukajibu. Yule mama akarudi nyuma na kuziba masikio kabisa, Redio anaapa kwa hilo. Wanaume wakambana mtoto kwa fito mbili zenye panda, taratibu, kama wanaomlaza mgonjwa. Spoki akaingiza plaizi kati ya waya na ngozi iliyovimba, akakata. Mtoto akapiga ukelele, akajikunja, akakimbia kwa mikono mitatu iliyobaki, miguu nayo ikihesabiwa, akamrukia mama yake kifuani. Wakapotea majanini.

Watu wakashusha fito.

Sindano akaokota waya. Akaugeuza. "Huu ni waya wa nani?"

Hakuuliza kwa kutegemea jibu. Ni swali ambalo waliuliza kila mara, na kila mara walijijibu wenyewe: wale wa kule, wapita njia, watu wabaya. Redio tayari alikuwa amefungua mdomo kusema hayo hayo.

"Wangu," akasema Fundi Waya.

Redio akafunga mdomo. Watu wanaotunza kumbukumbu wanasema hiyo ndiyo mara ya kwanza.

"Wako wa zamani," akasema Sindano, kama anayemsihi.

"Wa wiki hii. Na zote nilizotundika msumari wa Mtoni miezi miwili hii. Natega, nategua, naleta."

Mama Pacha alikuwa bado ameinua mfuniko. Hakuushusha. Aliuacha umfiche uso.

"Kwa nini?" Sindano akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na ncha.

"Mlitaka nyaya, Mama. Mimi nilikuwa na sokwe tu."

Ndipo plaizi ikamponyoka Spoki, ikamwangukia mguuni, na wala hakulia. "Mama Mwenyekiti," akasema, akiutazama mguu, "Mlimani kuna vitanzi vyangu vinne. Mle kwenye mianzi."

"Nini?"

"Vinne. Au vitano."

Yule wa Bondeni akakohoa. Yule wa Mpakani akasema yeye vyake si vingi. Mmoja baada ya mwingine, wakitazama chini kama waliodondosha sindano, walinzi wote wa msitu wakakiri kuwa ndio wategaji wote wa msitu. Hapakuwa na wale wa kule. Walikuwa wamelinda hadi mwizi akaisha, kisha wakamtengeneza mwingine ili wapate wa kumkamata.

Sindano alikaa chini kwenye matope na gauni lake alilolishona mwenyewe. Akacheka kidogo, kicheko kibaya, kisha akaacha.

Jioni ile ubao ulishushwa na misumari ikang'olewa. Kuwafukuza wote Sindano aliona hawezi, nani angebaki? Basi akakata hivi: kila mmoja ataje kwa kinywa chake ametega vingapi, aende akavitoe, alete. Akileta cha mwisho, anarudi kundini yeye na nyumba yake. Kabla ya hapo yuko nje. Mwalimu mkuu akamwambia Mama Pacha, kwa heshima zote, apumzike kwanza nyumbani.

Spoki alileta vitano siku ya pili. Bondeni wakaleta, Mpakani wakaleta. Kama walikuwa wakweli au walikata nyaya za nyumbani kwao, nani alikwenda kupima? Wakapeana mikono, wakarudi doria.

Fundi Waya alitaja tisa. Akaleta nane.

Wa tisa aliutega siku moja kabla ya mvua, kwa haraka, kwa kuwa Redio alikuwa anamwita. Mafuriko yalipita juu yake. Ukingo ulikuwa umehama, miti aliyoitumia alama imelala, mchanga umeletwa kutoka kusikojulikana. Mtu aliyeweza kusoma ugomvi wa nguruwe kwenye alama moja ya kwato hakuweza kukumbuka kichaka chake mwenyewe. Na sifa ya mtego wake, toka enzi hizo, ilikuwa kwamba hauonekani.

Wiki ikapita. Mbili.

"Shemeji," Redio akasema, akimfuata nyuma ingawa hakutakiwa kuwepo, "nina waya hapa mfukoni. Una kutu safi kabisa. Mpe Sindano, tumalize. Dada yangu anashinda ndani, anasugua sufuria zilizokwisha kung'aa."

Nyumbani napo ni hayo hayo. Mama Pacha aliweka sahani mbele yake, akakaa, akaitazama mikono yake iliyozoea mwiko.

"Waya mmoja tu, Baba Pacha. Nani atajua?"

Fundi akasogeza sahani kando.

"Ule kule haujui kama kikao kimekwisha," akasema. "Bado unangoja."

Mkewe hakumsemesha siku nne. Siku ya tano aliuliza neno moja tu aliporudi, "Umeupata?" Akatikisa kichwa. Tangu hapo likawa ndilo neno la kila jioni.

Ukienda ng'ambo ya mto sasa utamkuta, au Redio ndiye utakayemsikia kwanza. Fundi amepiga magoti, fimbo mkononi, anachokonoa majani mbele yake shubiri kwa shubiri, kisha ndipo anapoweka goti lingine. Miguu ya paka haimsaidii tena. Anaogopa kuikanyagia chini. Sokwe wanapoanza kelele zao huko juu, anainua mkono, na Redio mwenyewe ananyamaza. Fundi anasikiliza, midomo ikimcheza, anahesabu sauti moja moja mpaka zitimie. Zikitimia anainama tena.